Je, wajua rolakosta, ile treni ya burudani inayopanda na kuporomoka kwenye reli, hutambuliwaje ikiwa bado ni mashimo na nguzo?

Uwanja ukizungushiwa mabati kando ya barabara ya Nakuru kwenda Naivasha, wapita njia hukisia hoteli au kituo cha mafuta. Huko Marekani, Uingereza na nchi za Ghuba kuna watu wanaokisia kwa undani zaidi. Wakiona uzio umesimama ndani ya bustani ya burudani, baada ya wiki kadhaa watakuambia inajengwa rolakosta ya kiwanda gani, itakimbia kilomita ngapi kwa saa, na abiria watageuzwa kichwa chini mara ngapi. Wenye bustani hawajatoa hata tangazo. Wamejuaje?

Wamejua kwa sababu rolakosta ya kawaida ni treni isiyo na injini. Mnyororo huivuta hadi kileleni, kisha huiachia. Kuanzia hapo kila kilima, kila kona na kila mzunguko hulipiwa na kimo kile cha kwanza, na mhandisi hana njia ya kuikwepa hesabu hiyo. Anayeijua hesabu anaweza kuanza kuisoma tangu zege linapomwagwa.

Msingi ndio unaosema mengi kuliko kitu kingine chochote, ingawa wengi hungojea chuma. Kila nguzo hukaa juu ya bonge la zege lenye boliti nene zilizochomoza. Uso wa zege ukiwa bapa na boliti zikielekea juu, nguzo itasimama wima. Uso ukiwa umeinamishwa, nguzo itakuja kwa mshazari, na nguzo ya mshazari huwekwa pale treni inaposukuma kando, yaani kwenye kona au penye mteremko mkali. Mabonge mawili yanayotazamana yanamaanisha miguu iliyopanuka kama herufi A, hivyo kuna kimo kikubwa juu yake. Mabonge madogo yaliyopangwa kwa karibu kwenye mstari ulionyooka ni ya kituo cha kupandia au sehemu ya breki. Ukikuta mabonge makubwa kuliko yote mahali ambapo reli itakuwa chini karibu na ardhi, usishangae: ni kitako cha mteremko. Treni ikikatiza hapo kugeuka kwenda juu, abiria wa kilo 70 anaweza kukandamizwa kitini kana kwamba ana kilo 280, na behewa lenyewe huongezeka uzito kwa kiasi hichohicho.

Hapa ndipo mgeni wa eneo hukosea. Ukubwa wa msingi hutegemea pia udongo. Katika nyanda za Kano, kuanzia Ahero hadi karibu na Kisumu, udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Fundi yeyote wa huko anajua kwamba lazima uuchimbe uuondoe, au ushuke hadi tabaka gumu, hata kwa nyumba ya kawaida. Mtu akiona mashimo ya kina huko Ahero akatangaza mnara wa mita 60, huenda anasoma udongo tu. Nakuru nako kuna majivu ya volkano yaliyolegea na nyufa za ardhi, na mhandisi makini hujenga msingi mpana kuliko ambao mzigo peke yake ungedai. Kwa hiyo usihukumu ukubwa wa bonge moja. Linganisha bonge na bonge ndani ya uwanja uleule.

Chuma kikifika kwa malori, kazi hurahisika. Bolliger & Mabillard wa Uswisi hutumia mabomba mawili ya kukimbilia magurudumu, yakishikiliwa na uti wa mgongo mmoja wenye umbo la sanduku. Kiwanda cha Intamin, kwenye mitambo yao mirefu, huunganisha mabomba matatu au manne kwa vyuma vya mshazari, na kwa mbali utadhani ni mlingoti wa simu uliolazwa. Rocky Mountain Construction wa Idaho huweka reli ya chuma bapa juu ya mbao, kazi waliyoianza kwenye rolakosta ya New Texas Giant mwaka 2011. Lakini umbo la reli peke yake halitoshi, kwa sababu kiwanda kimoja huwa na mitindo kadhaa na hubadilika na miaka. Angalia nguzo zinashika reli upande gani. Zikipinda juu na kuishika kwa mgongo, treni itaning'inia chini ya reli na miguu ya abiria itakuwa hewani, mtindo ulioanza na rolakosta ya Batman The Ride katika bustani ya Six Flags Great America, Marekani, mwaka 1992. Rangi ndiyo ushahidi dhaifu kuliko yote, na inasikitisha kuona ikijadiliwa kwa siku nyingi na watu ambao hawajatazama hata boliti.

Sasa kasi. Chukua mteremko kwa mita, yaani kimo cha wima kutoka kilele hadi kitako, zidisha kwa 19.62, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 3.6. Utapata kilomita kwa saa. Uzito wa abiria hauingii kwenye hesabu hii. Jaribu na Millennium Force ya bustani ya Cedar Point, Ohio, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 2000: mteremko wa mita 91 unatoa takriban 152, na kasi yake halisi ni 150. Tofauti ndogo hiyo imeliwa na hewa na msuguano wa magurudumu. Ukigeuza hesabu, utaona kwamba kasi ya kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha matatu ya Nakuru kwenda Kisumu, huhitaji mteremko wa mita 25 tu, kama jengo la ghorofa nane.

Hesabu hiyo huvunjika pale treni inaposukumwa badala ya kuangushwa. Formula Rossa ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa 2010, ina kimo cha mita 52, na kwa kanuni yetu ingefika 115 hivi. Inakimbia 240. Dalili ya mtambo wa aina hii ni reli ndefu iliyonyooka, isiyopanda, yenye nguzo fupi zilizokaribiana, pamoja na jengo la mitambo au transfoma kubwa pembeni. Ukiona hayo, weka kikokotoo chini kwanza.

Na mteremko wenyewe utaupimaje ukiwa nje ya uzio? Kwa kivuli. Simamisha fimbo ya mita 1 wima kwenye ardhi tambarare, pima kivuli chake, kisha pima cha mnara wakati uleule. Fimbo ikitoa mita 1.5 na mnara mita 60, mnara una mita 40. Sisi tulio karibu na ikweta tuchague saa vizuri: adhuhuri ya Machi au Septemba jua huwa karibu utosini na kivuli hakipimiki. Katika miezi hiyo, mnamo saa tatu na nusu asubuhi, kivuli Nakuru hukaribia kulingana na urefu wa kitu chenyewe, na hesabu inakuwa nyepesi.

Kumbuka tu kwamba kivuli hupima kilicho juu ya ardhi. Bustani ya Alton Towers ya Uingereza haikuruhusiwa kupita vilele vya miti, basi rolakosta yake ya Oblivion ya mwaka 1998 ikachimbiwa shimo: kimo mita 20, mteremko mita 55. Mtambo uliojengwa kwenye miteremko ya Menengai ungeweza kufanya vivyo hivyo bila shimo lolote, kwa kufuata mlima. Tafuta daima mahali pa chini kabisa reli itakapofika, ndipo upime.

Makaratasi nayo husaidia. Marekani, jengo linalozidi mita 61 lazima lijulishwe mamlaka ya usafiri wa ndege, na taarifa hizo husomwa na umma. Uingereza, michoro huwekwa wazi na halmashauri. Rolakosta ya Hyperia katika bustani ya Thorpe Park, yenye mita 72 na iliyofunguliwa 2024, ilichambuliwa kwa jina la mradi, Exodus, kabla jina lake halijatangazwa. Kwetu Kenya, anza na ubao wa mradi langoni, unaotaja mwenye mradi, mhandisi na mkandarasi, kisha fuatilia matangazo ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira, ambapo wananchi hualikwa kutoa maoni. Droni usiirushe bila idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na uzio usiuruke: chini ya kreni hakuna cha kujifunza kinachozidi hatari yake.

Siku ya majaribio, treni hutumwa na madude ya plastiki yaliyojazwa maji badala ya watu. Wakati huo makisio yote yanaweza kupimwa kwa simu tu. Rekodi treni ikipita mbele ya nguzo moja, kisha hesabu picha za video tangu pua ionekane hadi mkia upite. Kwa picha 30 kwa sekunde, treni ya mita 15 ikipita kwa picha 15 imetumia nusu sekunde, yaani mita 30 kwa sekunde, au kilomita 108 kwa saa. Rekodi asubuhi na urudie mchana, kwa maana magurudumu na grisi vikipata joto treni huongeza kasi, na anayepima mara moja asubuhi na mapema huandika nambari ya chini kuliko ile watakayoipata abiria.