Kuchemsha peke yake hakuondoi sumu ya lupini

Lupini ni zao la jamii ya kunde. Wengi huamini kwamba punje zake chungu zikichemshwa sana huwa salama, kama maharage. Sivyo. Sumu ya maharage mabichi ni protini, nayo huharibiwa na moto. Uchungu wa lupini, ambao ndio sumu yake, ni alkaloidi (kemikali chungu za mimea), hasa lupanini, ambazo hustahimili kuchemka. Hizo hutolewa na maji.

Gojjam, Ethiopia, lupini nyeupe huitwa gibto. Huko hukaangwa, kisha hulowekwa siku kadhaa, mara nyingi mtoni, maji yakipita. Nyumbani, loweka kilo 1 katika lita 4 za maji usiku kucha, chemsha kwa saa moja, mwaga maji. Kazi kubwa ndiyo inaanza: loweka tena, ukibadilisha maji mara 3 kwa siku, kwa siku 5 au zaidi. Onja punje moja, uiteme. Ukisikia uchungu hata kidogo, endelea. Kuchemsha kunalainisha punje ili maji yapenye, basi. Maji yaliyomwagwa mifugo wasiyanywe.

Anayekula kabla ya wakati hukauka mdomo, huona ukungu, moyo humwenda mbio, apelekwe hospitali. Mwenye mzio wa karanga asile lupini kabisa, hata tamu.

Zipo aina tamu, zenye alkaloidi kidogo mno, zisizohitaji kulowekwa siku nyingi hivyo. Ila ukizipanda karibu na aina chungu, nyuki huchanganya chavua na mbegu za msimu ujao hurudia uchungu. Nunua mbegu mpya zilizothibitishwa, na epuka udongo wenye chokaa nyingi: majani hugeuka njano, mmea ukadumaa.