Kizibao cha reflekta si taa

Wateja wangu wengi hapa Ufaransa ni vijana wanaopeleka vyakula majumbani kwa baiskeli. Usiku ukianza kuwa mrefu, wananiletea baiskeli isiyo na taa hata moja na kuniambia neno lilelile: "Fundi, nitengenezee breki tu. Taa achana nazo, kizibao ninacho." Nimelisikia mno, na linaniudhi kwa sababu linaumiza watu.

Kizibao hakitoi mwanga. Ile mistari ya fedha inaurudisha mwanga kulekule ulikotoka, kwa hiyo anayekuona ni dereva ambaye taa zake zimekumulika wewe. Sasa fikiria gari linalosubiri kutoka barabara ya pembeni. Taa zake zinamulika ukuta wa ng'ambo, na wewe unakuja kutoka kushoto kwake. Kwa dereva huyo wewe ni giza tupu mpaka ufike mbele ya boneti. Mtu anayefungua mlango wa gari lililoegeshwa naye ni hivyohivyo: anatupia jicho kioo cha pembeni, na hakuna mwanga wake wowote unaokufikia huko nyuma. Wote wawili wataiona taa yako ya mbele au hawataona kitu.

Ile njano kali ya kizibao nayo inategemea miale ya jua. Mchana inaonekana kutoka mbali sana, lakini jua likishazama kazi yote inabaki kwa mistari ya fedha. Na mistari hiyo iko wapi? Mara nyingi nasimama nyuma ya kijana aliyekwisha jiandaa kutoka, namtazama: lile begi la mraba la chakula limemfunika kuanzia mabegani hadi kiunoni. Kizibao amekivaa, ila aliye nyuma yake haoni hata ncha yake.

Ndiyo maana kila anayenisikiliza namfungia dinamo ya kuzalisha umeme kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu la mbele. Haina betri ya kusahau kuchaji. Gurudumu likizunguka, taa inawaka. Kisha namwambia avae bendi za kuakisi kwenye vifundo vya miguu. Mguu unapopanda na kushuka, dereva anatambua mara moja kwamba mbele yake kuna mtu anayekanyaga pedali. Bendi mbili za vifundoni nazithamini kuliko kizibao kilichofichwa na begi.

Sheria yenyewe haina utata. Usiku, au mchana mwanga ukiwa hafifu, taa nyeupe au ya njano mbele na nyekundu nyuma ni lazima, mjini na nje ya mji. Reflekta za baiskeli ni za saa zote: nyeupe mbele, nyekundu nyuma, za rangi ya chungwa pembeni na kwenye pedali. Kizibao hakifuti hata kimoja kati ya hivyo.

Wengine wanadhani kizibao chenyewe ni lazima kila mahali. Hapana. Tangu 2008 kinatakiwa nje ya mji tu, usiku au mwanga ukiwa hafifu, na abiria naye akivae. Mji unaishia kwenye kibao chenye jina lake lililokatwa kwa mstari mwekundu. Ukikamatwa huna, faini ni euro 35. Waliotoka Kenya wanachanganya na sheria ya kwao inayowadai waendesha bodaboda jaketi za reflekta. Ile ni ya pikipiki.

Kuna na wanaosema vizibao havisaidii lolote. Nao wamekosea. Huko Denmark, watafiti waliwagawa waendesha baiskeli karibu 6,800, nusu yao wakapewa jaketi za njano kali za kuvaa mwaka mzima. Waliopewa waliripoti ajali za kugongana na wengine na kuumia pungufu kwa asilimia 47. Hata watafiti walipozingatia kwamba huenda waliopewa jaketi hawakuripoti kila kitu, tofauti ilibaki kubwa. Vaa basi, juu ya taa.

Uingereza mavazi hayo ni ushauri, si sheria. Taa usiku ndizo za lazima. Italia wanayadai nje ya mji kuanzia nusu saa baada ya jua kuzama, na ndani ya mahandaki.

Helmeti isichanganywe na haya. Hapa Ufaransa, tangu Machi 2017, ni lazima kwa mtoto wa chini ya miaka 12, awe anaendesha au amepakiwa, na faini ya euro 135 inamwangukia mtu mzima aliye naye.