Je, wajua kwa nini watafiti wa matende walibisha hodi usiku?

Ukikaa barazani na wazee wa pwani ya Tanga, iwe Tongoni, Mwambani au ng'ambo ya Mto Pangani, ukagusia habari za mabusha na matende, hutachelewa kusikia habari za gari lililokuja usiku. Wakashuka watu wenye taa, meza ndogo, vioo vidogo vya kuwekea damu na sindano, wakajipanga kwenye uwanja wa shule, wakaanza kuita majina. Saa nne imeshapita. Watoto wanasinzia mapajani mwa mama zao, na kila anayeitwa anatobolewa kidole.

"Shikamoo babu," nilimwamkia mzee mmoja wa upande wa mama yangu, nikamuuliza kama anaukumbuka usiku wa namna hiyo. "Marahaba, mjukuu wangu. Naukumbuka vizuri. Mwizi huja usiku, na mpima damu naye akaja usiku. Sisi tungewatofautishaje?"

Swali lake ni la haki kabisa. Pwani yetu mgeni anayetaka damu ya watu gizani ana jina lake tangu enzi za ukoloni, naye ni mumiani. Wazazi wetu walitishwa naye, na wao wakatutishia sisi. Basi hao wasomi, wenye shahada zao, walikuwa na sababu gani ya kuja saa ileile ya mumiani?

Sababu ni mnyoo mwenyewe. Matende na mabusha huku kwetu huletwa na mnyoo mwembamba kama uzi, ambaye kitaalamu huitwa Wuchereria bancrofti. Minyoo wakubwa hukaa ndani ya mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu na kupitia kwenye mitoki. Wanaweza kuishi humo miaka sita hadi minane, na muda wote huo majike wanazaa. Wanazaa vijinyoo visivyoonekana kwa macho, mamilioni kwa mamilioni, ambavyo huingia kwenye damu. Watafiti huviita mikrofilaria.

Vijinyoo hivi vina saa. Mchana hujificha kwenye mishipa midogo ya damu ndani ya mapafu. Ukimtoboa mgonjwa kidole saa tano asubuhi, ukaiweka damu yake chini ya hadubini, unaweza usione kitu, ukamwambia yuko salama. Mrudie mtu huyohuyo kati ya saa nne na saa nane usiku, utaona tone la damu yake limejaa vijinyoo vinavyojinyonganyonga. Usiku hutoka mapafuni na kusambaa hadi kwenye mishipa ya karibu na ngozi, kwa sababu ndiyo saa ambayo mbu wanaovibeba wanauma. Mbu hao huku kwetu ni Anofelesi wa aina zilezile zinazoleta malaria, pamoja na Kuleksi anayezaliana kwenye makaro na vyoo vya shimo vyenye maji. Bila mbu, kijinyoo hakiwezi kukua. Ni lazima kinyonywe na mbu, kikae ndani yake kama siku kumi hadi kumi na nne, kikomae, kisha kimwingie mtu mwingine mbu huyo anapouma tena. Damu anayonyonya mbu ni kidogo mno, haifiki hata sehemu moja ya elfu ya kijiko cha chai. Kijinyoo kinachotaka kusafiri hakina budi kuwa kituoni basi linapopita.

Ushahidi kwamba saa hii inafuata mbu uko mbali na Tanga. Kwenye baadhi ya visiwa vya Pasifiki mnyoo huyuhuyu husambazwa na mbu wanaouma mchana, na huko vijinyoo vinaonekana kwenye damu hata jua likiwa juu. Ajabu nyingine iligunduliwa London mwaka 1881: daktari Stephen Mackenzie alimgeuzia mgonjwa wake saa za kulala, akalala mchana na kukesha usiku, na baada ya siku chache vijinyoo navyo vikageuza ratiba. Kwa hiyo havifuati jua. Vinafuata usingizi wa mwili unaovibeba. Mimi hili hunishangaza kila nikilifikiria: mlinzi wa usiku na jirani yake anayelala usiku wanaweza kuwa na ugonjwa mmoja wenye saa mbili tofauti.

Mskoti Patrick Manson, akifanya kazi Amoy nchini China, ndiye aliyeonyesha mwaka 1877 kwamba mnyoo huyu hukua ndani ya mbu, na hizo habari za usiku na mchana alizieleza pia. Lakini kuijua saa ya mnyoo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumshawishi yule babu afungue mlango saa tano usiku, na hiyo haifanyiki hadubinini. Kwa maoni yangu hapo ndipo anapoonekana kiongozi wa kweli katika elimu na utafiti wa afya ya jamii.

Tanga ina historia ndefu ya kulea watu wa kazi hiyo, na mahali penyewe ni Amani, juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, unapopanda kutoka Muheza. Wajerumani walianzisha taasisi ya mimea na kilimo pale mwaka 1902. Kitengo cha malaria cha Afrika Mashariki kilianza Muheza mwaka 1949 chini ya daktari Bagster Wilson, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikahamia Amani, kwenye majengo yaliyoachwa na watu wa kilimo. Watu hushangaa kwamba wataalamu wa malaria walikwenda kukaa mlimani, kwenye baridi na mbu wachache. Lakini kutoka pale walishuka bondeni kufanya kazi, na Muheza ilikuwa na malaria ya kutosha kumfundisha yeyote. Mick Gillies, mmoja wa watafiti wa wakati huo, alijifunza umri wa mbu kwa kuwapasua mmoja mmoja, maana mbu kijana hajapata muda wa kubeba ugonjwa, na mbu mzee ndiye wa kuogopwa. Nyuma ya kazi kama hizo walikuwapo wasaidizi wa vijiji vya Bonde na Usambara, waliokesha wakikamata mbu na kuhesabu vimelea, na majina yao mengi hayakuandikwa juu ya karatasi za utafiti. Hilo linaniuma, kwa sababu wao ndio waliojua nyumba ipi ina mbwa mkali na mzee yupi aamkiwe kwanza.

Mwaka 1979 ilitungwa sheria iliyounda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na Amani ikawa kituo chake. Mkurugenzi mkuu wa kwanza alikuwa Profesa Wenceslaus Kilama. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliingia Amani mtafiti kijana aliyesomea zuolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mwele Malecela. Angeweza kuchagua malaria, iliyokuwa na fedha na sifa. Alijikita kwenye matende, ugonjwa wa watu wanaojificha ndani ya nyumba zao. Akaenda London kusomea uzamili na uzamivu kwenye chuo cha tiba za nchi za joto, akarudi.

Utafiti wa matende miaka ile ulikuwa utafiti wa usiku. Mwanafunzi alijifunza kwanza kukaa na mwenyekiti wa kijiji, kisha wazee, kisha mkutano wa wote, ndipo aguse sindano. Alipaswa kueleza kwa nini saa ile, damu itapelekwa wapi, na nani atarudi na majibu. Alipaswa pia kusikiliza. Pwani wengi tumelelewa tukiamini kwamba busha huletwa na kunywa madafu mengi. Mtafiti anayecheka akisikia hivyo amepoteza kijiji. Anayeuliza "na wale wasiokunywa madafu, mbona nao wana busha?" ameanzisha darasa.

Matende yakapata dawa inayoweza kugawiwa kwa wote. Ivermektini na albendazoli zikimezwa pamoja huvisafisha vijinyoo kwenye damu, lakini minyoo wengi wakubwa hubaki hai. Ndiyo maana dawa hutolewa kila mwaka, na Shirika la Afya Duniani linataka raundi tano au zaidi, kila raundi ikiwafikia angalau asilimia 65 ya watu wote. Hesabu yake ni kuwanyima mbu cha kunyonya mpaka minyoo wakubwa wafe kwa uzee. Kingatiba hiyo ilianza kisiwani Mafia mwaka 2000, na mkoani Tanga ikaanza 2004. Malecela ndiye aliyekuja kuongoza mpango wa taifa wa kutokomeza ugonjwa huo.

Hapa likaibuka swali jingine gumu kuliko la usiku: kwa nini mtu asiyeumwa ameze dawa? Kwa sababu wengi wenye vijinyoo kwenye damu hawana dalili yoyote. Mguu umenyooka, mwili una nguvu, anakwenda baharini, na kila usiku anawalisha mbu. Uvumi ulisambaa hata hivyo, kwamba vidonge vinafunga kizazi. Aliyeujibu uvumi huo mlangoni hakuwa profesa. Alikuwa mgawa dawa, jirani aliyechaguliwa na kijiji, mwenye daftari na fimbo ya kupimia kimo, kwani dozi ya ivermektini hufuata urefu. Mtoto asiyefikia sentimita 90 hapewi, wala mjamzito. Nikimtazama mgawa dawa akieleza hayo kwa mama mkwe mkali, naona elimu iliyotoka Amani imefika ilikokuwa ikienda.

Mwaka 2010 Malecela akawa mwanamke wa kwanza kuwa mkurugenzi mkuu wa NIMR, akakaa hadi 2016. Mwaka 2018 alichukua uongozi wa idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele ya Shirika la Afya Duniani huko Geneva, na mwanzoni mwa 2021 ukazinduliwa mpango wa dunia wa kupambana na magonjwa hayo hadi 2030, idara yake ikiwa mbele. Alifariki Februari 2022.

Kwa aliyekwisha kuumwa, dawa ya kumeza hairudishi mguu ulivyokuwa. Busha huondolewa kwa upasuaji usio mkubwa, na aliyeona aibu miaka kumi hurudi msikitini na sokoni. Mguu wa matende huoshwa kila siku kwa maji na sabuni, ukakaushwa vizuri katikati ya vidole, ukainuliwa wakati wa kupumzika. Kuosha tu hupunguza sana zile homa na maumivu ya mara kwa mara, kwa kuwa huletwa na bakteria wanaoingia kwenye michubuko. Haya niliyamwambia babu naye akaniuliza kama sabuni ya mche inafaa. Inafaa.

Na gari la usiku je? Siku hizi halihitajiki sana. Kuna kipimo kidogo cha haraka kinachotafuta alama ya minyoo wakubwa kwenye damu, na alama hiyo haina usiku wala mchana, ipo saa zote. Wakitaka kujua kama ugonjwa bado unaambukizwa wilayani, watafiti huwapima watoto wa miaka sita na saba, waliozaliwa baada ya kingatiba kuanza. Huwafuata shuleni, saa tatu asubuhi, baada ya kengele ya mstarini.