Wembe wa kukunja: anza na shavu moja

Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Nimenyoa watu hapa Tanga kwa miaka 18, lakini siku ya kwanza nilipojinyoa mwenyewe kwa wembe wa kukunja, methali ilitimia yote, mwanzo hadi mwisho. Kovu bado lipo, chini ya sikio la kushoto. Nalitaja mapema kwa sababu vijana wanaoniuliza siku hizi wamekwisha tazama video, wamemwona mtu akifyeka ndevu kwa mikono miwili ndani ya dakika tano, na wanadhani ni suala la kununua tu.

Tuanze basi na kununua. Kuna kile kishikio tunachotumia saluni, ambacho unavunja wembe wa kawaida katikati na kupachika nusu. Kila mteja nusu yake mpya, kisha inatupwa, maana virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini vinaweza kupita kwenye damu iliyobaki kwenye makali. Ni rahisi bei na hauhitaji kunoa. Lakini ni mwepesi na hausamehe. Mkono ukitetemeka kidogo tu, umeshakata. Wa pili ni wembe wenyewe wa chuma kizima, mgongo mnene, makali membamba, unaokunjwa ndani ya mpini. Huu una uzito, na uzito ule ndio unaofanya kazi badala ya mkono wako. Kwa anayejifunza, chagua upana wa 5/8 ya inchi, yaani kama milimita 16, wenye ncha ya mviringo. Ncha ya pembe kali waachie waliokwisha kuzoea. Ukiona jina Solingen, ni mji wa Ujerumani wenye sifa ya visu na nyembe, na jina lake linalindwa kwa sheria tangu 1938. Hilo halizuii watu kulichonga kwenye mabati. Mimi nilishauziwa mmoja unaong'aa kama kioo, haukati hata karatasi. Wembe utakaonunua ni wako peke yako, hata mdogo wako asiuguse.

Wembe wako usimpe yule fundi wa kunoa visu anayepita na baiskeli. Namheshimu, lakini jiwe lake linalozunguka hupasha chuma joto na kula makali yote kwa sekunde chache. Wembe hunolewa kwa mkono, juu ya kinoo laini chenye maji, na mwanzoni mpe mtu anayejua. Kazi yako wewe ni ngozi: ukanda wa ngozi uliofungwa ukutani, ukauvuta ukakaza, kisha ukapitisha wembe mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho, uviringishe juu ya mgongo ndipo urudi. Ukigeuza kwa upande wa makali umekata ukanda. (Wangu una mikato minne, yote ya mwezi wa kwanza.) Nenda-rudi mara 50 kabla ya kila kunyoa, taratibu.

Sasa jambo ambalo video nyingi hazikuambii. Wengi wanaofundisha wana ndevu zilizonyooka. Watakuambia vuta ngozi kwa nguvu, pita mara tatu, na mara ya mwisho nyoa kinyume cha ndevu. Kwa ndevu za kipilipili huko ni kuita vipele. Unywele wetu umejikunja tangu ndani ya ngozi. Ukivuta ngozi sana na kunyoa kinyume, unaukata chini kabisa. Ukiachia, unazama, na unapoota tena ncha yake kali inapinda na kuchoma ngozi kutoka ndani. Hicho ndicho kipele, na ukikitumbua kinaacha doa. Nyembe za kiwandani zenye makali matatu au manne hufanya vilevile: la kwanza linavuta unywele, linalofuata linaukata ukiwa umevutwa. Wembe wa kukunja una makali mamoja, na faida hiyo unaitupa mwenyewe ukikimbilia ulaini wa kioo.

Kwa hiyo ziache ndevu siku mbili au tatu, kisha zipapase ujue zinalalia wapi. Shavuni kwa kawaida hushuka. Shingoni zinaweza kwenda upande, au kupanda. Fuata zinakolala, pita mara moja, na ngozi ivute kiasi cha kuinyoosha tu.

Nyoa baada ya kuoga, ndevu zikiwa zimelowa. Povu liwe na maji, likikauka, ongeza. Laza wembe shavuni, kisha inua mgongo mpaka penseli ingeweza kupita chini yake. Hapo ni kama nyuzi 30. Shuka vipande vifupi, bila kukandamiza, na wembe usiutelezeshe kamwe kwa upande kama unakata nyanya. Wanafunzi wangu huanza na puto lililopakwa povu. Wanacheka hadi linapopasuka.

Wiki ya kwanza nyoa shavu moja, upande wa mkono wako wenye nguvu. Kwingine malizia na kifaa chako cha zamani, huna mtu wa kushindana naye. Ongeza shavu la pili, halafu taya, halafu shingo. Mdomo wa juu na kidevu viwe vya mwisho.

Ukimaliza, lowesha kipande cha shabu upake usoni. Kinafunga mikato midogo, lakini mimi nakipenda kwa sababu nyingine: panapowasha sana ndipo ulipokandamiza. Halafu kausha wembe hadi kwenye maungio ya mpini na upake tone la mafuta ya cherehani. Kwa hewa ya chumvi ya huku kwetu, ukiuacha bafuni usiku mmoja, asubuhi unakuta madoa ya kutu.

Kidevu changu nilikifikia wiki ya sita. Pale chini ya sikio, mpaka leo napitisha mashine.