Je, Wajua Kwa Nini Ubao Mrefu wa Kizamani Haukubali Kila Pezi?

Ukiupindua ubao wa kutelezea mawimbini utaona, upande wa tezi, yaani nyuma, kipande chembamba kilichosimama wima ambacho huitwa pezi. Mbao fupi za siku hizi aghalabu huwa na mapezi matatu, mpangilio ulioenezwa na Simon Anderson wa Australia mwaka 1981. Mbao ndefu za futi 9 na kuendelea, hasa zile zinazoundwa leo kwa kuiga umbo la mwanzoni mwa miaka ya 1960, huwa na pezi moja tu, kubwa, linalobeba kazi yote peke yake. Mwenye ubao wa namna hiyo anayefika nao Paje au Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, hana budi kujiuliza pezi gani alifunge, kwa sababu pezi lisilofaa huufanya ubao mzuri uonekane kama ulioharibikia mikononi mwa fundi.

Kwa muda mrefu mbao hazikuwa na pezi kabisa. Waliozipanda huko Hawaii walizielekeza kwa kuburura mguu majini, na wimbi likiwa kali tezi iliteleza kando. Mwaka 1935 Mmarekani Tom Blake alichukua mkuku mdogo wa chuma kutoka kwenye boti ya kasi iliyokwisha kutupwa, akaufunga chini ya ubao wake katika ufuo wa Waikiki, na ubao ukatulia. Mkuku ndio asili ya pezi, na mwenye kuelewa kwa nini jahazi lenye mkuku halisombwi ovyo na upepo wa ubavuni amekwisha kuelewa nusu ya habari hii: ubao unaposhuka kwa mshazari kwenye uso wa wimbi, maji yanayopanda huusukuma kwa ubavu, na pezi ndilo linaloukinga msukumo huo.

Nusu ya pili imo katika kingo za ubao wenyewe. Mbao za leo zina kingo kali upande wa nyuma, ambazo huyauma maji na kushika zenyewe, hivyo pezi huwa msaidizi tu. Mbao za kizamani, na nakala zake zilizoundwa kwa uaminifu, zina kingo nene na za mviringo kuanzia omo, yaani mbele, hadi tezi. Maji huzizunguka badala ya kukatwa nazo, na mara nyingi ubao huwa na uzito wa zaidi ya kilo 10. Mpandaji anayetaka kugeuza hurudi nyuma, huikandamiza tezi kwa mguu, na ubao wote huzunguka juu ya pezi. Akitaka kutembea hadi omo na kusimama pale, jambo ambalo ndilo fahari ya mbao hizi, humlazimu aiache tezi ikiwa imeshikwa na maji bila uzito wake. Kwa hiyo pezi hutakiwa kuwa mhimili wa kugeukia na wakati huohuo kizuizi cha tezi, kazi mbili zinazohitaji eneo kubwa na msimamo wa wima.

Mafundi wa zamani walilijibu hitaji hilo kwanza kwa pezi lenye umbo la kukaribiana na herufi D, lililogandishwa moja kwa moja kwenye ubao, karibu na mwisho kabisa wa tezi. Kitako chake ni kirefu mno, na ubao wenye pezi hilo hukwenda njia iliyonyooka kwa utulivu mkubwa, lakini kuugeuza ni kazi ya nguvu. Liko jingine lililosimama zaidi, lenye kitako chembamba kuliko hilo na ncha pana, ambalo hugeuka kwa urahisi papo hapo na bado huishika tezi vizuri. Kwa maoni yangu hili la pili ndilo linalomfaa mtu mwenye nakala ya ubao wa kizamani ambaye hataki kuuweka ukutani kuwa pambo. Lile la D lina uzuri wake, hasa kwa macho.

Katikati ya miaka ya 1960 lilitokea pezi la namna tofauti kabisa. George Greenough, Mmarekani wa California aliyekuwa akienda Australia, aliacha mapezi mapana akaiga mkia wa jodari. Mwenye kutaka kuona alichokiona aende asubuhi soko la samaki la Malindi, mjini Unguja, amtazame jodari kabla hajakatwa: shina la mkia ni jembamba sana na lina mfupa mgumu uliotokeza pande zote mbili, na kutoka hapo mkia hufunguka kuwa mundu mrefu, mwembamba, uliolalia nyuma, mgumu kwenye shina na mlegevu kidogo kwenye ncha. Pezi la umbo hilo huwa na ukinzani mdogo, na ncha yake hujipinda katika kona kisha hurudi kwa nguvu na kuusukuma ubao mbele. Mwaka 1966 Nat Young wa Australia alitwaa ubingwa wa dunia mjini San Diego akiwa na pezi la mtindo wa Greenough, lakini ubao wake ulikuwa mwembamba kuliko mbao za wakati huo na ulikusudiwa kukata kona kwa kasi. Hapo ndipo wengi hukosea leo: husikia sifa za pezi la jodari, wakalifunga kwenye ubao mzito wa kingo za mviringo, kisha wakashangaa tezi inawateleza kila wanapokwenda mbele. Pezi hilo ni zuri, ila lilizaliwa na ubao mwingine.

Kuhusu ukubwa, kanuni iliyozoeleka ni inchi moja ya kina cha pezi kwa kila futi ya urefu wa ubao, hivyo ubao wa futi 9 na nusu huanza na pezi la inchi 9 na nusu au chini yake kidogo. Mahali pa kulifunga pana uzito sawa na ukubwa. Nakala nyingi za leo zina kisanduku kirefu ambamo pezi husogezwa na kukazwa kwa skrubu. Likisogezwa nyuma ubao hutulia na kuwa mgumu kugeuka, likisogezwa mbele hugeuka upesi lakini tezi huachia mapema. Ni vyema kuanza katikati na kusogeza nusu inchi tu kwa kila jaribio.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haikufanywa kwa ajili ya pwani ya mashariki ya Unguja. Pezi la inchi 10 ni sentimita 25 za kina, na ndani ya mwamba, maji yakipwa, hasa siku za bamvua, kina hicho hakipatikani katika sehemu nyingi. Pezi litagusa matumbawe, na kisanduku ndicho kitakachopasuka. Kuna pia mwani, unaolimwa kibiashara Paje na Jambiani tangu mwaka 1989, pamoja na majani ya bahari yanayoelea wakati wa kusi. Pezi la wima huyakusanya yote kwenye ukingo wake wa mbele, ilhali lililolalia nyuma huyaacha yateleze. Anayepanda hapa afadhali apunguze inchi moja ya kina, achague pezi lenye mlalo wa wastani badala ya lililosimama wima kabisa, alisogeze nyuma kidogo ili kufidia eneo lililopotea, na angoje maji yajae ndipo avuke, akipita mbali na kamba na vigingi vya kina mama wa mwani.

Anayekosa pezi la kununua anaweza kuchongewa na seremala na kulifunika kwa faiba kwa fundi wa boti, mradi nyuzi za mti ziende kutoka kitakoni hadi nchani, kwani zikilala kinyume litakatika siku ya kwanza. Ukingo wa mbele hubaki wa mviringo, na wa nyuma husuguliwa kwa msasa hadi uwe mwembamba sawasawa pande zote mbili. Likivuma likiwa majini, ukingo huo wa nyuma bado ni mnene, na dawa yake ni msasa tena.