Je, wajua kwa nini diski hubaki imejaa hata ukifuta faili?

Kijana mmoja anayepiga video za harusi hapa Lamu aliniletea kompyuta yake. "Fundi, nimefuta harusi tatu nzima, na diski bado inasema imejaa."

Ilikuwa Linux yenye mfumo wa faili wa Btrfs. Nikaandika amri ya kuorodhesha subvolumu, yaani sehemu zinazojitegemea ndani ya mfumo huo:

sudo btrfs subvolume list /

Ikatoa mistari mitatu:

ID 256 gen 9120 top level 5 path @
ID 257 gen 9121 top level 5 path @home
ID 301 gen 7744 top level 5 path nakala/home-ijumaa

Harusi zake zilikuwa kwenye mstari wa tatu, ambao ni snapshoti, yaani nakala ya @home ilivyokuwa wakati fulani.

Btrfs, iliyoingia kwenye kiini cha Linux mwaka 2009, haina kawaida ya kuandika juu ya data ya zamani. Ukibadilisha faili, kipande kipya huandikwa mahali pengine, na cha zamani hakiondolewi maadamu yuko anayekitumia. Ndiyo maana snapshoti ya subvolumu huchukuliwa mara moja na mwanzoni haili nafasi ya maana: zote mbili zinatumia vipande vilevile. Fikiria nyumba mbili za mawe pale Mkomani zilizoegemea ukuta mmoja. Mmoja akihama, ukuta haubomolewi, kwa sababu jirani bado anautegemea.

Lakini mbona kijana hakuiona snapshoti kwa ls, amri ya kuonyesha faili? Kompyuta yake ilifungua @ na @home peke yake. Snapshoti ilikaa nje ya hizo mbili, chini ya subvolumu ya juu kabisa, namba 5, ambayo yenyewe haijiorodheshi. Amri ya list haipiti kwenye folda zilizofunguliwa. Inasoma daftari la Btrfs lenyewe, na ndiyo sababu huonyesha hata kisichofunguliwa.

Mimi hutazama gen kwanza. Ni namba inayopanda kadiri subvolumu inavyobadilishwa, kwa hiyo 7744 kando ya 9121 inaniambia kitu hiki kiliachwa zamani. Ukiongeza -s kwenye amri ya list, utaona snapshoti tu, pamoja na tarehe zilipochukuliwa.

Kabla ya kufuta nilifungua namba 5 kwa mount -o subvolid=5, tukachungulia ndani. Kumbe harusi moja alikuwa hajamkabidhi mwenyewe! Tukainakili kwenye diski ya nje, kisha nikaandika btrfs subvolume delete. Nafasi hairudi papo hapo, Btrfs husafisha polepole nyuma ya pazia. Tulikaa tukiitazama ikirudi.