Je, wajua kwa nini lami ya moto ikimganda mtu haibanduliwi?

Swali hili nililijibu vibaya kabla hata sijaulizwa. Nilikuwa kibarua wa likizo katika kikosi cha kuziba mashimo upande wa Mamboleo, Kisumu. Lami ilichemshwa ndani ya pipa lililokaa juu ya mawe, kuni chini, na mtu mmoja akiichota kwa kopo lililofungwa kwenye mpini mrefu. Siku hiyo kopo likagonga ukingo wa pipa. Lami ikamrukia mwenzangu mkononi, kutoka karibu na kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono, ikatulia hapo nyeusi, inang'aa kama kiatu kilichotoka kupigwa rangi.

Nikakimbilia jerikeni la mafuta ya taa. Hesabu yangu ilikuwa kwamba haya ndiyo mafuta tunayosafishia reki na majembe kila jioni, na yakitoa lami kwenye chuma, kwenye mkono yatashindwa na nini? Nilirudi na kitambaa kimelowa. Mzee wa kikosi, ambaye sote tulimwita Jaduong', akanipiga mkono kitambaa kikaanguka.

"Unataka kumchuna? Lete maji! Na mtu asiiguse hiyo lami."

"Jaduong', si lami na maji hulipuka?"

"Hulipuka kwenye pipa. Huyu ni pipa?"

Nimekuja kugundua baadaye kwamba watu wengi wangekimbilia jerikeni lile lile. Kosa linaanzia kwenye picha tuliyo nayo kichwani: tunaifikiria lami kama asidi, au kama kiwavi mwenye manyoya yanayowasha, yaani kitu ambacho kinaendelea kudhuru kwa kuwa kiko pale, na kikiondoka madhara yanakoma. Basi kila mtu anataka kiondoke, kwa kucha, kwa kisu, kwa petroli, kwa chochote kilicho karibu. Kumbe kinachounguza ni joto lililomo ndani ya lami. Lami yenyewe, ikishapoa, inakaa juu ya ngozi bila haraka yoyote ya kudhuru. Anayeibandua ikiwa moto anajiunguza vidole, na anayeibandua ikiwa imeganda anaondoka na ngozi, kwa sababu tabaka la juu la ngozi iliyoungua limeshikamana na lami kuliko linavyoshikamana na mwenyewe. Vinyweleo navyo vimezama humo kama nyasi kwenye tope lililokauka.

Lami ya barabara ni masalio ya mafuta ghafi baada ya petroli, dizeli na wenzake kutolewa kwenye mtambo. (Zamani jina hilo hilo lilibeba pia lami ya makaa ya mawe, ambayo ni kitu kingine na kibaya zaidi kwa afya, tuiache.) Kwenye joto la kawaida la Kisumu ni ngumu, haimwagiki. Ili itiririke, huchemshwa hadi nyuzi 150 au 170 za Selsiasi hivi. Linganisha na maji: Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo sufuria ya chai huchemka kwenye nyuzi 96 hivi wala haipandi zaidi. Lami inaipita kwa nyuzi 54 hadi 74 hivi.

Hata hivyo namba hiyo si hadithi yote. Chukua kilo moja ya lami na kilo moja ya maji, zote zipoe kwa nyuzi zile zile: lami itatoa karibu nusu tu ya joto linalotolewa na maji. Kwa kipimo hicho maji ndiyo mzigo mzito. Mbona basi tone la lami humwacha mtu na kovu, na tone la chai humwacha na wekundu wa siku moja?

Jibu liko kwenye ugali. Ugali ukitoka jikoni ukapinduliwa kwenye sinia, baada ya dakika chache juu pameshapoa. Unaweza kuugusa kwa kiganja na ukadhani uko tayari. Mtoto mwenye njaa hukata tonge la katikati, akaliingiza mdomoni, na mara anaanza kucheza akipuliza hewa huku na huku. Chai ya joto lile lile isingemtesa hivyo. Chai hupita. Ikigusa ulimi inachanganyika, inamezwa au inatemwa, na ile iliyoguswa kwanza inaondoka na joto lake. Ugali haupiti, unakaa pale pale na kuusukumia ulimi joto la katikati yake kidogo kidogo, kama mdai aliyeketi mlangoni.

Lami ni ugali uliokithiri. Chai ikimwagikia mkono, sehemu kubwa inateleza na kudondoka chini kabla haijatoa hata robo ya joto lake. Lami inashika na yote inabaki. Na kwa kuwa haipitishi joto kwa haraka, inafanya ule ujanja wa ugali: juu inapoa, inatengeneza ganda jeusi linaloonekana limekwisha, ilhali chini, upande unaogusana na ngozi, bado kuna kazi inaendelea. Mwenzangu mwenyewe alituambia, "Imepoa, imepoa." Haikuwa imepoa. Alikuwa anaangalia juu ya ugali.

Muda ndio unaoamua. Ngozi ya binadamu inaweza kuvumilia nyuzi 44 kwa saa kadhaa kabla haijaharibika. Kwenye nyuzi 60 inapewa sekunde chache tu. Kwa hiyo dakika moja ya ziada chini ya ganda la lami ni muda mrefu sana, na dakika hiyo ndiyo niliyotaka kuitumia kusugua kwa mafuta ya taa.

Maji, basi. Miongozo ya watengenezaji wa lami husema kupoza kwa maji kusipungue dakika 10. Miongozo mingi ya kuungua kwa jumla husema 20. Maji yanayotiririka, ya kawaida, si barafu, na yaelekezwe palipoungua tu, kwa sababu majeruhi akiloweshwa mwili mzima anaweza kupata baridi kali hata kwenye jua la nyanda za Kano, jirani na Kisumu. Dakika 20 ni ndefu kuliko unavyodhani. Jaribu kushika mkono wa mtu chini ya maji kwa muda huo huku watu sita wamekuzunguka, kila mmoja na dawa yake: dawa ya meno, unga, ute wa yai. Uzuri ni kwamba penye kazi ya lami maji hayakosekani. Rola lenyewe hubeba tanki la maji, ambayo hudondoka juu ya gurudumu lake la chuma ili lami isilishike. Mwenzangu alipozwa kwa mpira wa rola.

Baada ya hapo lami inaachwa ilipo, mtu anapelekwa hospitali. Hili ndilo linalowashinda watu moyoni, kumpandisha mgonjwa bodaboda na uchafu wake mkononi. Lakini fikiria uchafu huo umepitia nini: kitu kilichokuwa kwenye nyuzi 150 muda mfupi uliopita hakina kijidudu kilicho hai, na kikiganda kinafunika kidonda kama bandeji ambayo hakuna muuguzi angeweza kuifunga vizuri hivyo. Mafuta ya taa, petroli na dizeli huyeyusha bandeji hiyo, kweli, kisha yanaingia kwenye nyama iliyo wazi, ambako hayana shughuli. Na hapo hatujasema kwamba mita mbili kutoka hapo kuna moto wa kuni.

Lipo jambo moja ambalo haliwezi kungoja. Lami ikizunguka kidole au mkono mzima kama pete, inapopoa hunywea, na nyama chini yake wakati huo huo inavimba. Pete inakaza. Damu inaweza kukatika kabisa, kwa hiyo pete hiyo hupasuliwa kwa urefu ili iachie, bila kung'olewa, na ni heri afanye hivyo mtu wa matibabu. Ya jichoni nayo huoshwa kwa maji tu hadi hospitali, pasipo mtu kujifanya fundi.

Hospitalini ndipo hadithi inapogeuka kichekesho. Bibi zetu walipaka siagi kila palipoungua, na kila mwalimu wa huduma ya kwanza amekuwa akiwakataza kwa miaka, kwa sababu mafuta hufungia joto ndani. Sasa, lami ikishapoa kabisa, madaktari huilainisha kwa nini? Kwa mafuta. Maandishi ya kitabibu yanataja mafuta ya alizeti, marhamu zenye mafuta, mayonezi, na naam, siagi. Lami ni jamaa wa mafuta, nayo hulegea mbele ya ndugu zake wapole. Marhamu hupakwa, bandeji hufungwa juu, na baada ya saa kadhaa sehemu kubwa hupanguswa bila kuvuta. Ipi kati ya hizo inashinda nyenzake ni vigumu kusema, maana sehemu kubwa ya ushahidi ni ripoti za mgonjwa mmoja mmoja, daktari akieleza alichokuwa nacho karibu kikafanya kazi. Pengine haiondolewi kabisa: inaachwa, na ngozi mpya ikiota chini inadondoka yenyewe baada ya siku kadhaa. Kosa la bibi, kwa hiyo, lilikuwa la saa tu.

Sasa nirudi kwenye pipa, kwa sababu hofu yangu ya maji haikuwa ya kijinga. Anayekaanga ngege pale Dunga anajua samaki akitiwa kwenye mafuta ya moto bila kukaushwa hufanya nini. Tone la maji linazama chini ya mafuta, linageuka mvuke ghafla, na mvuke huo unataka nafasi kama mara 1,700 ya ile iliyochukuliwa na maji. Maji ya chupa ndogo ya nusu lita, yakigeuka mvuke, yanahitaji nafasi ya lita 850 hivi, yaani zaidi ya mapipa manne ya lami. Kwenye mafuta ya samaki mvuke hupasuka na kutoka. Lami ni nzito, inaukamata mvuke na kuwa povu, kisha pipa zima linapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, isipokuwa kwamba haya yako kwenye nyuzi 160 na yanamfuata mtu miguuni.

Ndiyo maana pipa lililolala wazi usiku wa mvua, na Kisumu mvua ya jioni haibishi hodi, ni la kuogopwa kuliko moto ulio chini yake. Maji hujificha chini ya lami iliyoganda, kuni zinawashwa, na kule chini hapana pa kupumulia. Magari ya kubeba lami hupata ajali ya namna hiyo pia: tanki lililobeba lami ya maji, yaani lami iliyochanganywa na maji, safari iliyopita likijazwa lami ya moto kabla halijakaushwa, povu hufika kwenye kifuniko. Na pipa likishika moto halimwagiwi maji. Hufunikwa, au hupigwa kwa mchanga au unga wa kizimamoto.

Mkononi mambo ni kinyume. Lami ni utando mwembamba, maji yako juu yake, anga ni wazi. Mvuke ukitokea unapaa zake. Swali ni nani yuko chini ya mwenzake, na Jaduong' alilijibu kwa maneno sita.

Ningekosea nikimwacha msomaji akidhani kila kitu cheusi barabarani ni nyuzi 160. Ile lami nyepesi inayonyunyizwa kwanza juu ya kokoto, iliyochanganywa na mafuta ya taa, haipashwi joto kiasi hicho, na hatari yake kubwa ni kushika moto. Lami ya maji, ambayo hutoka ya kahawia kisha ikageuka nyeusi machoni pako, ni ya uvuguvugu tu. Na kwenye barabara kubwa, lami inapotandazwa na mashine iitwayo pava, wasimamizi wa usalama humwogopa zaidi dereva wa tipa anayerudi nyuma haoni kitu, au anayeinua bodi chini ya nyaya za umeme. Hayo yana makala yake.

Limebaki jambo la mavazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Sisi tulipewa gambuti na glavu, tukazivaa kama vijana wanavyovaa: suruali imeingizwa ndani ya gambuti, glavu zimefunika mikono ya shati, safi kabisa. Jaduong' suruali yake ilining'inia nje, juu ya gambuti, na mikono ya shati aliivuta ikafunika glavu. Tulimcheka, tukasema amevaa kama mtu aliyeamshwa usiku. Hatukujiuliza lami ikidondoka kwenye gambuti lenye suruali ndani yake inaishia wapi, wala mtu atatumia dakika ngapi kulivua.